Mabifu ya malkia wa Hollywood: anza kwa kusoma mkataba

Ukitaja uhasama wa waigizaji wa kike wa Hollywood ya zamani, majina mawili hutangulia: Bette Davis na Joan Crawford. Wengi wanazijua habari zao kwa vipande. Kwamba Davis alimpiga mwenzake teke la kweli mbele ya kamera. Kwamba Crawford alijifunga vitu vizito chini ya nguo siku ya kuburutwa sakafuni, ili mwenzake aumie mgongo. Kwamba mashine ya Coca-Cola iliwekwa kwenye seti kumkera Crawford, mjane wa bosi wa Pepsi. Husimuliwa kana kwamba chanzo ni wivu tu wa wanawake wawili. Wivu ulikuwepo, hatukatai. Lakini ukiufuata nyuma hadi ulikoanzia, unafika ofisini, kwenye karatasi iliyotiwa saini.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, biashara ya filamu Marekani ilishikwa na kampuni kubwa tano: MGM, Paramount, Warner Bros., 20th Century-Fox na RKO. Zilitengeneza filamu, zikazisambaza, na kumbi nyingi za kuzionyesha zilikuwa zao pia, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoukataa mtindo huo mwezi Mei 1948. Mwigizaji aliyetaka kuwa staa hakuwa na mlango mwingine wa maana wa kupitia.

Mkataba wa kawaida ulikuwa wa miaka 7, na ulimfunga mtu mmoja tu. Kila baada ya miezi 6 au mwaka, kampuni ilikuwa na hiari ya kuendelea naye au kumwacha. Yeye hakuwa na hiari ya kuondoka. Mshahara ulihesabiwa kwa wiki, kwa kawaida wiki 40 kati ya 52 za mwaka, na zilizobaki angeweza kukaa bila malipo. Filamu alipangiwa. Akiikataa, alisimamishwa bila mshahara, na muda wa kusimamishwa ukaongezwa mwishoni mwa mkataba, hivyo miaka 7 ikawa inarefuka. Kampuni iliweza pia kumwazima kwa kampuni nyingine kwa bei nono, ikaendelea kumlipa mshahara wake ule ule, na tofauti ikabaki kwa kampuni.

Davis alijaribu kuuvunja mkataba wa namna hiyo mwaka 1936. Alikwenda Uingereza kufanya filamu na mtayarishaji mwingine, na Warner ikamshtaki London kwa jina lake la ndoa, Nelson. Jaji hakumlazimisha kuifanyia Warner kazi, bali alimzuia kumwigizia mtu mwingine yeyote. Kazi nyingine za kujipatia riziki angeweza kutafuta. Wanaosoma sheria ya mikataba ya Kiingereza, Afrika Mashariki ikiwemo, huikuta kesi hii katika mada ya amri za zuio. Davis alirudi California kuendelea na kazi.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mtu asiyeweza kumshinda mwajiri hubaki na nafasi moja ya kupigania, nayo ni hati ya filamu ijayo. Majukumu makubwa ya wanawake yalikuwa machache kila mwaka, na aliyeyagawa alikuwa mtu mmoja, mkuu wa studio. Kila jukumu alilopata mwenzako lilikuwa jukumu ulilokosa wewe.

Mkuu wa studio alilijua hilo na alilitumia. Kila staa aliwekewa mtu wa kumtia wasiwasi. Greta Garbo alipoiletea MGM fedha, Paramount ilimleta Marlene Dietrich kutoka Ujerumani mwaka 1930 na kumtangaza kama jibu lake. Fox ilifanya hivyo ndani ya nyumba yake yenyewe: Marilyn Monroe alipokataa filamu ya How to Be Very, Very Popular, jukumu alipewa Sheree North mwaka 1955, na mwaka uliofuata kampuni ikamsajili Jayne Mansfield, mwenye nywele za rangi ile ile na mapozi ya aina ile ile. Ujumbe kwa Monroe haukuhitaji barua.

MGM ilikuwa na hali ngumu zaidi. Norma Shearer aliolewa mwaka 1927 na Irving Thalberg, aliyekuwa akisimamia utayarishaji wa filamu wa kampuni. Crawford, aliyeingia MGM mwaka 1925 na ambaye moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kusimama badala ya Shearer kwenye picha za kumwonyesha kutoka nyuma, alijikuta akishindania hati na mke wa mgawaji. Malalamiko yake yana msingi. Hata hivyo Shearer alikuwa mwigizaji mzuri na aliwavuta watazamaji. Hakubebwa na ndoa peke yake.

Jina kwenye bango

Jambo lililozua ugomvi mwingi kuliko mapenzi ni mpangilio wa majina. Msomaji wa leo huona ni ubatili, lakini jina kwenye bango lilikuwa kipimo cha bei. Wenye kumbi walilitazama kujua ni nani anauza tiketi, na mkataba uliofuata ulijadiliwa kuanzia hapo.

Kipengele hicho kilikuwa na sehemu kadhaa, na kila moja ilipiganiwa. Kwanza, jina likae juu ya jina la filamu au chini yake: lililo juu ni la staa, lililo chini ni la msaidizi. Pili, nani atangulie. Majina mawili yakiwa mstari mmoja, la kushoto ndilo husomwa kwanza. Tatu, ukubwa wa herufi, uliotajwa kwa asilimia ya ukubwa wa jina la filamu. Wanasheria walipima herufi kwa rula, na bango lililokosewa lilichapishwa upya.

Filamu ya The Women ya mwaka 1939, iliyoongozwa na George Cukor, inaonyesha vizuri. Ilikuwa na waigizaji zaidi ya 130, wote wanawake, na Shearer, Crawford na Rosalind Russell wakiwa mbele. Shearer alikubali jina la Crawford liwe juu pamoja na lake. Russell hakuridhika kubaki chini. Akaanza kuugua, siku moja, kisha nyingine, huku upigaji picha ukisubiri na gharama zikipanda. Alipona jina lake lilipokubaliwa kupanda juu, kwa herufi ndogo zaidi. Ugonjwa ulikuwa silaha inayojulikana, kwa sababu ni kosa pekee ambalo mkataba haukuwa na adhabu nyepesi ya kulitoza.

Kwenye seti

Mbele ya kamera, ushindani ulikuwa na mbinu zake, na anayezijua huziona kwenye filamu zenyewe.

Ya kwanza ni ya kurudi nyuma. Waigizaji wawili wanazungumza, kamera iko mbele yao. Mmoja anarudi hatua moja au mbili kuelekea ukuta wa nyuma. Mwenzake, ili aendelee kumtazama, analazimika kugeuka, na akigeuka anaipa kamera kisogo. Uso unaobaki kwenye picha ni wa yule aliyerudi nyuma. Davis alilalamika kwamba Miriam Hopkins alimfanyia hivyo mara kwa mara walipoigiza pamoja The Old Maid (1939) na Old Acquaintance (1943). Hopkins alikuwa na kidonda cha zamani: ndiye aliyeigiza mhusika mkuu wa Jezebel jukwaani Broadway mwaka 1933, kisha jukumu hilo hilo kwenye filamu likampa Davis tuzo yake ya pili ya Oscar. Mwongozaji makini huzuia mbinu hii kwa kuweka alama sakafuni na kukata picha kila mtu anapoiacha alama yake, lakini kila kukata kunakula muda na mkanda wa filamu.

Ya pili ni ya mwanga. Taa kuu hulengwa mahali uso utakapokuwa, na fokasi ya lenzi hupimwa kwa utepe wa kupimia hadi pale pale. Mtu akisogea nusu hatua mbele ya mwenzake, kivuli chake humwangukia usoni, na mistari iliyofichwa na taa hujitokeza. Ndiyo maana mastaa walishikilia mpigapicha wao na upande wao wa uso. Claudette Colbert alitaka apigwe kwa upande wa kushoto, na seti zilijengwa kufuata mahitaji hayo. Ukiwa na mastaa wawili wanaotaka upande mmoja, tayari una tatizo la kiufundi ambalo magazeti yataliita chuki.

Ya tatu haionekani kabisa na mtazamaji. Uso wa mwigizaji unapopigwa peke yake kwa karibu, mwenzake husimama kando ya kamera na kumsomea maneno yake ili apate wa kumjibu. Akisoma bila hisia, au akifanya jambo la kuvuruga, anayepigwa picha anaigiza na ukuta. Inasimuliwa kwamba kwenye The Women Crawford alikuwa akifuma sweta kwa sindano kubwa zenye kelele wakati wa picha za karibu za Shearer, hadi Cukor akamtoa. Kisa hiki kimerudiwa mara nyingi kwa maneno tofauti, lakini wanaofanya kazi za filamu hawakishangai.

Wapika habari

Kila studio ilikuwa na idara ya matangazo iliyojua nani anakula wapi na nani. Nje yake walikuwepo waandishi wawili wenye nguvu kuliko mawaziri: Louella Parsons wa magazeti ya Hearst, na Hedda Hopper wa Los Angeles Times kuanzia mwaka 1938. Safu zao zilichapishwa katika magazeti mengi nchini kote. Wenyewe walishindana, na udaku wa mmoja ulimlazimisha mwingine atafute wa kwake kabla ya jua kuzama. Bifu lilikuwa bidhaa nzuri kwao: halina gharama, halihitaji kuthibitishwa, na pande zote mbili huogopa kulikanusha kwa sababu kukanusha ni kulitangaza.

Picha moja iliweza kufanya kazi ya makala kumi. Mwaka 1942 ndugu wawili wa tumbo moja, Olivia de Havilland na Joan Fontaine, waliozaliwa Tokyo kwa wazazi Waingereza mwaka 1916 na 1917, walishindania Oscar moja. Mdogo, Fontaine, akashinda. Machi 1947 ikawa zamu ya dada yake, na nyuma ya jukwaa Fontaine alimsogelea kumpongeza. De Havilland akageuka. Mpigapicha wa jarida la Photoplay alikuwa pale pale, na picha hiyo ya sekunde moja imebaki kuwa ushahidi mkuu wa uhusiano wa maisha yao yote. Hawakupatana vizuri tangu utotoni, hilo wenyewe walilikiri kwa nyakati tofauti. Lakini sekunde moja haitoshi kueleza miaka.

De Havilland huyo huyo ndiye aliyefanya zaidi ya yeyote kuondoa chanzo cha ugomvi. Aliishtaki Warner mwaka 1943, na mwezi Desemba 1944 mahakama ya rufaa ya California ikaamua kwamba miaka 7 ni miaka 7 ya kalenda, bila kuongezewa muda wa kusimamishwa. Alipopata uhuru wa kuchagua hati, alitwaa Oscar mbili ndani ya miaka michache. Tunashangaa kwamba kisogo alichompa mdogo wake kinajulikana kuliko kesi hii.

Davis na Crawford, hatua kwa hatua

Crawford alitajwa mwaka 1938 katika tangazo la chama cha wenye kumbi wa kujitegemea lililowaita mastaa kadhaa sumu ya mauzo, Garbo, Dietrich na Katharine Hepburn wakiwemo. Mwaka 1943 aliachana na MGM, akahamia Warner, nyumba ambamo Davis alikuwa malkia kwa karibu miaka kumi. Kwa Mildred Pierce (1945), mwongozaji Michael Curtiz hakumtaka; Crawford alikubali kufanyiwa majaribio ya kamera kama mgeni, akapata jukumu, na Machi 1946 akashinda Oscar. Sasa Warner ilikuwa na watu wawili wa kuwapa hati ile ile. Davis aliondoka mwaka 1949, Crawford mwaka 1952. Mwaka 1953 wote wawili waliteuliwa kwa Oscar, Davis akiwa ameigiza staa aliyechuja katika The Star, jukumu ambalo wengi waliamini lilimlenga Crawford. Wote walishindwa na Shirley Booth.

Kinachosahaulika ni kwamba Crawford ndiye aliyetaka waigize pamoja. Alimfuata Davis nyuma ya jukwaa Broadway, alipokuwa akiigiza The Night of the Iguana. Wote walikuwa wamevuka miaka 50, na majukumu ya umri huo yalikuwa karibu hayapo. What Ever Happened to Baby Jane? ya mwongozaji Robert Aldrich ilipigwa mwaka 1962 kwa bajeti isiyofika dola milioni 1. Davis alichukua fedha nyingi zaidi mkononi na jina la kwanza. Crawford alichukua kidogo mkononi na asilimia kubwa zaidi ya faida. Filamu iliuza sana.

Uteuzi wa Oscar ukaja kwa Davis peke yake. Angeshinda, angekuwa wa kwanza kupata tuzo tatu za mwigizaji bora wa kike. Crawford aliwasiliana na wateule wengine waliokuwa mbali na kujitolea kuwapokelea. Tarehe 8 Aprili 1963, huko Santa Monica, alitajwa Anne Bancroft, aliyekuwa New York jukwaani, na Crawford akampita Davis kwenda kuichukua. Ilikuwa dharau ya makusudi, hatuoni njia ya kuisoma vingine. Lakini dai kwamba alimnyima kura ni jambo jingine: kura ni za siri, na Crawford, mwenye asilimia ya faida, angenufaika Davis akishinda.

Mwaka 1964 Aldrich aliwakutanisha tena katika Hush... Hush, Sweet Charlotte. Crawford aliugua baada ya kazi ya Louisiana, akalazwa, upigaji ukasimama, na hatimaye nafasi yake akapewa Olivia de Havilland, rafiki wa Davis. Mbinu ya ugonjwa iliyomfaa Russell mwaka 1939 haikumfaa yeye, hata kama aliugua kweli, kwa sababu sasa alilipwa kwa filamu moja moja na kampuni ya bima ndiyo iliyokuwa ikihesabu siku.

Walioachwa nje ya uwanja

Masimulizi ya mabifu haya huacha watu wengi nyuma ya pazia. Ili ushindane, lazima kwanza uruhusiwe kuingia. Anna May Wong, Mmarekani mwenye asili ya Kichina, alilitaka jukumu kuu la The Good Earth (1937). MGM ilimpa Luise Rainer, mzungu aliyepakwa vipodozi afanane na Mchina, naye akashinda Oscar. Wong alitakiwa amwigize mwanamke mwovu, akakataa. Lena Horne alisajiliwa na MGM mwaka 1942, na nyimbo zake mara nyingi zilipigwa kama vipande vinavyoweza kukatwa filamu ikipelekwa kumbi za kusini. Jukumu la Julie, chotara katika Show Boat (1951), alipewa Ava Gardner. Dorothy Dandridge alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuteuliwa kwa Oscar ya mwigizaji mkuu, kwa Carmen Jones ya mwaka 1954, na uteuzi huo haukumfungulia foleni ya majukumu kama ulivyowafungulia wengine. Hakuna aliyeandika bifu lake na Grace Kelly, aliyeshinda mwaka huo, kwa sababu hakuna studio iliyowaza kuwapa hati moja.

Bifu lisilotokea

Ukitaka kupima hoja yetu, tazama mahali ambapo masharti yalikuwa tofauti. Mwishoni mwa mwaka 1952, muda mfupi baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya, MGM ilimpeleka John Ford huko kupiga Mogambo, sehemu nyingine zikipigwa Uganda na Tanganyika. Stelingi alikuwa Clark Gable, na wanawake wawili walimgombea kwenye hadithi: Ava Gardner, staa kamili, na Grace Kelly wa miaka 23, aliyesaini mkataba akishikilia haki ya kuishi New York na kufanya maigizo ya jukwaani. Mpangilio wa majina ulikuwa wazi tangu mwanzo na hakuna aliyeweza kuchukua jukumu la mwenzake. Walikuwa marafiki, na Gardner alihudhuria harusi ya Kelly Monaco mwaka 1956.

Vivyo hivyo Gentlemen Prefer Blondes (1953). Magazeti yalisubiri Jane Russell na Marilyn Monroe wararuane. Russell aliazimwa kutoka kwa Howard Hughes, tajiri aliyeushika mkataba wake, jina lake likatangulia, na malipo yake yalimpita Monroe kwa mbali. Badala ya vita, Russell alikuwa akimpitia Monroe chumbani ili wafike kwenye seti pamoja kwa wakati. Waajiri wawili, majukumu mawili yasiyogongana.

Kuhusu visa vyenyewe, kabla ya kukiamini kimoja uliza nani alikisimulia kwanza, na mwaka gani. Crawford alifariki Mei 1977. Davis aliishi hadi Oktoba 1989 na aliendelea kuhojiwa, hivyo upande mmoja ulizungumza miaka 12 bila kujibiwa. Angalia pia kama kuna filamu iliyokuwa karibu kutoka siku habari ilipochapishwa. Karatasi za kampuni, ratiba za kupiga picha na hati za mahakama ni ushahidi mzito kuliko kumbukumbu za chakula cha jioni.

Mwaka 2017 uhasama wa Davis na Crawford ulifanywa tamthilia ya televisheni, na ndani yake de Havilland alionyeshwa akimtukana mdogo wake na kusambaza umbeya. Alikuwa hai, Paris, hakuombwa ruhusa. Aliifungua kesi California siku moja kabla ya kutimiza miaka 101, akisema picha hiyo ni ya uongo. Mahakama ya rufaa ilimkatalia Machi 2018, ikitaja uhuru wa kujieleza, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza.